Kompyuta ya gemu kwa fedha kidogo: Usiuziwe jina la ‘i7’

KIJANA anayetafuta kompyuta ya gemu katikati ya Kampala, Luthuli Avenue jijini Nairobi au Kariakoo jijini Dar es Salaam huambiwa maneno yanayofanana: chukua hii, ni i7, inacheza kila kitu.

Mara nyingi mashine anayooneshwa ni ya mezani, iliyotumika ofisini ng’ambo kwa miaka kadhaa kabla ya kuletwa Afrika Mashariki. Ndani yake huenda kuna Core i7-2600, prosesa iliyoingia sokoni mwaka 2011. Akishalipa fedha alizozichanga kwa miezi, anafika nyumbani na kukuta mchezo wa mpira alioupania unakwama kila dakika.

Prosesa ndiyo ubongo wa kompyuta, na kwa mnunuzi mwenye fedha kidogo ndipo makosa mengi huanzia.

Soma namba, si jina

Herufi ‘i3’, ‘i5’ na ‘i7’ zinaonesha daraja la prosesa ndani ya kizazi kimoja tu. Kizazi chenyewe kinasomeka kwenye namba zinazofuata. Core i7-2600 ni ya kizazi cha 2, i7-4770 ni ya 4, na i3-12100 ni ya 12.

Prosesa ya i7-2600 ina viini 4 na nyuzi 8. Ile ya i3-12100, iliyotoka mwaka 2022, nayo ina viini 4 na nyuzi 8. Lakini kila kiini cha hiyo mpya kinafanya kazi nyingi zaidi kwa sekunde moja, hivyo ‘mdogo’ huyo anamwacha mbali ‘mkubwa’ wa mwaka 2011.

Watengenezaji wa gemu nao wanaangalia kizazi. EA Sports FC 24 inataka angalau Core i5-6600K au Ryzen 5 1600. Aidha, Microsoft ilisitisha huduma za kawaida za Windows 10 Oktoba 14, 2025, na Windows 11 inakubali rasmi prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 8, na za AMD kwa jumla kuanzia Ryzen za mfululizo wa 2000.

Je, utanunua kadi ya picha?

Jibu la swali hili ndilo linaloamua prosesa ya kuchukua.

Asiye na fedha za kadi ya picha kwa sasa anafaa kutazama Ryzen 5 5600G. Ina viini 6, na herufi G inamaanisha imebeba sehemu yake ya picha. Inaweza kuchezesha Valorant au GTA V kwa mipangilio ya chini. Sharti lake ni kuwekewa RAM mbili za GB 8 badala ya moja ya GB 16, kwa sababu sehemu hiyo ya picha hukopa RAM, na vipande viwili hupitisha data kwa kasi zaidi.

Mwenye fedha za kadi achukue Core i3-12100F au Ryzen 5 5600, kisha kiasi kikubwa kinachobaki akiweke kwenye kadi. Katika gemu nyingi kadi ndiyo inayobeba mzigo mzito. Prosesa ya bei kubwa iliyofungwa na kadi dhaifu ni hasara.

Tahadhari: herufi F kwenye prosesa za Intel inamaanisha haina sehemu ya picha. Anayeinunua bila kadi atawasha kompyuta na kuona skrini nyeusi tu.

Ukilazimika kununua iliyotumika

Kompyuta ya ofisi yenye Core i5-8500, ambayo ina viini 6, bado ni mwanzo mzuri. Ila epuka zile zenye boksi jembamba. Kadi ya kawaida haiingii ndani yake, na pawa saplai yake mara nyingi ni ya umbo la pekee na nguvu ndogo, hivyo kuibadilisha ni taabu.

Kabla ya kulipa, omba mashine iwashwe. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua sehemu ya ‘Performance’, kisha ‘CPU’. Jina kamili la prosesa litaonekana hapo, hata kama stika iliyobandikwa nje inasema jingine.

Kwa anayevuka mpaka kufuata bei nafuu, aulize pia dhamana. Dhamana ya duka la Nairobi haimsaidii mtu wa Kigali ikiwa nauli ya kurudisha mashine inakaribia bei ya prosesa yenyewe.