Pikipiki za zamani Lualaba: soma namba kwanza, piese itafuata

Wenye Yamaha DT, AG 100 ao Honda za zamani hapa Kolwezi wamezoea jibu moja wakifika garaji: « Piese ya hiyo moto haiko tena, uza tu. » Na mnunuzi wa vyuma haishi mbali. Anapima kwa kilo. Aluminiumu ya moteri inayeyushwa, kisha inarudi sokoni ikiwa sufuria. Lakini piese nyingi za moto hizo ziko bado. Mara nyingi kinachokosekana ni namba na kipimo: fundi anaenda dukani na jina la moto tu, muuzaji anatikisa kichwa, na hadithi inaishia pale.

AG 100 ni moto ya miaka ya 1970, na herufi hizo mbili, A na G, zinatokana na neno la kilimo. Ilitengenezwa kwa ajili ya wakulima, kisha misheni, mashirika ya misaada na kanda za afya zikaipenda sababu inavumilia. DT 125 ni ndugu yake wa barabara mbaya. Honda CG 125 nayo ilitoka katikati ya miaka hiyo hiyo ya 1970. Honda iliifikiria kwa inchi ambako watu wanapakia mizigo mingi na wanachelewa kubadilisha mafuta. Makampuni ya China yakaiga moteri yake, hivi CG ndiyo babu ya moto nyingi ambazo wamotari wanaendesha leo. Na mwenye babu anaweza kuomba kwa wajukuu.

Tuanze na namba zenyewe. Namba ya piese ya Honda iko na mafungu matatu. Fungu la kwanza, tarakimu tano, linataja aina ya piese: 13101 ni pistoni, iwe ya moto gani. Fungu la katikati linataja modeli ambayo piese ilitengenezewa. Yamaha wanageuza: modeli inatangulia, aina ya piese inafuata, na pistoni kwao ni 11631. Kwenye moteri ya China utaona maandishi kama 156FMI. Ile 1 ni silinda moja, 56 ni upana wa silinda kwa milimita, F ni moteri inayopozwa na upepo, M ni moto, na I ni ukubwa wa 125. Lakini angalisho: 156FMI inaweza kuwa moteri ya vijiti kama CG, inaweza pia kuwa ya shene ndani. Fungua uone kabla ya kulipa.

Kuna piese ambazo hazijui Honda wala Yamaha. Rulema ni mfano mzuri kuliko yote. Namba yake imeandikwa kwenye chuma chake, na namba hiyo ni ile ile dunia nzima. Kuanzia 04 kwenda juu, chukua tarakimu mbili za mwisho, zidisha kwa 5, unapata upana wa tundu: 6204 ni milimita 20. Zile ndogo hazifuati hesabu hiyo: 6301 ni 12, na 6202 ni 15. Kwa hiyo rulema ya gurudumu la DT ya zamani unaweza kuipata kwa muuzaji wa piese za mashine ambaye hajawahi kugusa DT. Kama ya zamani iliandikwa C3, usikubali isiyo na C3, zaidi ikiwa ni ya moteri, sababu ile C3 iko na nafasi zaidi ndani ya kupanuka kwa joto. Spi pia, kile kipira kinachozuia mafuta yasitoke, kimeandikwa vipimo vitatu: tundu la ndani, upana wa nje na unene. Sugua uchafu, soma, andika kwenye karatasi.

Pistoni na silinda ndiko moto nyingi zinafia. Moteri imekula, silinda imekwaruzwa, fundi anasema tutanue silinda. Sawa, lakini tafuta pistoni kwanza. Pistoni za kupita kipimo zinatoka kwa hatua: 0,25, 0,50, 0,75 na 1,00 milimita juu ya kipimo cha kiwanda. Ukitanua mpaka 0,50 na dukani iko ya 0,75 tu, umelipa kazi mara mbili. Ukitanua mpaka 1,00 na ya 1,00 haipatikani, silinda yenyewe umeiua. Weka pistoni mkononi mwa yule anayetanua, aipime hiyo hiyo, sababu nafasi kati ya pistoni na silinda inahesabiwa kwa sehemu za mia za milimita. Kwa jicho haiwezekani.

Na kwa kazi hiyo mkoa wetu haukukosa watu. Gécamines ilifundisha mafundi wa kuchonga chuma kwa mashine kwa miaka mingi. Katika mpango wa kuondoka kwa hiari ulioanza 2003, wafanyakazi 10.655 waliacha kampuni, na mafundi wa namna hiyo walikuwa ndani yao. Leo ni wazee. Ukimjua mmoja aliye bado na mashine yake ao mkono wake, mpeleke kijana wako akaangalie anavyopima. Sisi tunaona hilo ni la haraka kuliko kutafuta piese Dubai.

DT na AG 100 ni za mipigo miwili, na hapo pistoni ya kuigiza ni hatari. Ncha za pete zake zinashikwa na kipini ili zisiangukie kwenye madirisha ya silinda. Pistoni ikikaribia vipimo lakini vipini viko pahali pengine, pete inakamata dirisha na kuvunjika moteri ikitembea. Moto hizo ziko pia na tanki ndogo ya mafuta ya 2T na pompi yake. Watu wanasahau kuijaza, moteri inashika. Kama pompi imekufa, funga njia yake vizuri na uchanganye kwa mkono, lita moja ya 2T ndani ya lita 20 mpaka 25 za esansi. Mafuta ya vitesi ni mengine, yanakaa pahali pake.

Adui mwingine tunamjua wote: vumbi. Wakati wa kiangazi, nyuma ya malori ya migodi, filtri ya sponji inajaa kwa siku chache. Ioshe kwa maji na sabuni, ikauke, ipake mafuta kidogo, ikamue. Kutoa filtri ili moto « ipumue » ni kuisagisha silinda kwa mchanga. Kwa CG, pima pia nafasi ya supape moteri ikiwa baridi: 0,08 milimita.

Kwa kununua, sisi wa Kolwezi tunaangalia Lubumbashi na Kasumbalesa, na nyuma yake Dar es Salaam. Ndugu wa Goma, Beni ao Bunia wako karibu na Kampala, ambako soko la Kisekka linajulikana kwa vipuri. Usimtumie mtu wa huko jina la moto tu. Tuma picha ya piese ya zamani ikiwa pembeni ya rula, namba iliyo juu yake, na namba ya moteri. Na usitupe piese iliyovunjika mpaka mpya iwe imefungwa na moto imetembea.

Jambo la mwisho ni la karatasi. Namba ya fremu ndiyo inayounganisha moto na karte rozi. Moto ya zamani inapasuka fremu, soda inapita juu ya namba, ao mtu anafunga fremu ya moto nyingine, na siku ya kukaguliwa barabarani mwenye moto hana la kuonyesha. Kabla ya kazi yoyote ya soda, piga namba picha, umwonyeshe fundi pahali ilipo, naye aifunike kwa kipande cha bati.