Nipe Kona, Nikupe Bahari

Jumamosi moja, gari moja, barabara ya Bagamoyo na bahasha iliyofichwa kwenye droo

Mume wangu ana ugonjwa mmoja: anapenda kona. Simaanishi kona za mpira, namaanisha kona za barabara. Amekulia Lushoto, gari kajifunzia kwenye ile barabara ya kupanda mlima kutoka Mombo, na mpaka leo ukimweka kwenye lami iliyonyooka anaanza kupiga miayo. "Barabara iliyonyooka," huwa ananiambia, "ni kama mtu anayekubali kila unachosema. Utaongea naye nini?"

Mimi ni mtoto wa Pwani. Nikiona maji nimeridhika. Kwa hiyo kila tukipanga kutoka wikiendi ubishi ni uleule: yeye anataka milima, mimi nataka bahari. Na kwa sisi tunaoishi Dar, si unajua tena, milima ya maana iko mbali.

Nakuandikia haya kwa sababu mbili. Kwanza, kama una gari na umechoka kuliendesha kwenye foleni tu, nataka nikuonyeshe njia za kulifurahia bila kumaliza mshahara. Pili, ni kwenye safari hiyohiyo ambapo nusura ndoa yetu ipate pancha, na nimejifunza kitu.

Anza na maji

Siri ya kwanza: usiwahi kujitumbukiza Mwenge kama huna haraka. Sisi tuliondokea mjini saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mtoto tumemwacha kwa bibi yake tangu jana yake. Tukapita Daraja la Tanzanite, lile lililofunguliwa mwaka 2022, linalokatiza juu ya maji kuelekea Coco Beach. Daraja lenyewe ni kilomita moja na kidogo tu, lakini asubuhi jua likiwa linatoka upande wa kulia, hata mpenda kona hunyamaza.

Kutoka hapo tukafuata Toure Drive, bahari ikiwa pembeni, tukazunguka Masaki taratibu, kisha tukarudi kushika barabara ya zamani ya Bagamoyo, ambayo siku hizi inaitwa Mwai Kibaki. Mikocheni, Kawe, hadi Mbezi Beach. Ni njia nyembamba, haina mbio, ila ina miti na watu wanaofungua maduka.

Tegeta, Boko na Bunju sitakudanganya: ni matuta, daladala na bodaboda wanaokatiza kama nzi. Pita mapema, vumilia. Ukishavuka Bunju unaingia Mkoa wa Pwani na pumzi inabadilika. Mapinga, Kerege, Zinga, Kiromo. Minazi, mikorosho, barabara inapanda kidogo, inashuka kidogo, inapinda kistaarabu. Kutoka katikati ya jiji hadi Bagamoyo ni kama kilomita 70, na nusu ya mwisho ndiyo tamu.

Mume wangu naye akanogewa.

Kibao cha hamsini

Trafiki alikuwa kasimama chini ya mwembe. Akanyoosha mkono, tukaegesha.

"Habari za asubuhi, kaka. Shikamoo dada yangu ahaa, samahani, habari za asubuhi," akacheka mwenyewe. "Kaka, kile kibao cha hamsini umekiona?"

Alikuwa na haki yake. Pale ni makazi ya watu, na sisi tulikuwa tunakimbilia sabini na kitu. Mume wangu hakubisha. "Nimekosa, afande." Kisha, bila kufikiri, akaniambia: "Mama, hebu nitolee leseni hapo kwenye droo."

Nikafungua. Leseni ikatoka, na nyuma yake ikadondoka bahasha ya kaki, imekunjwa mara mbili. Nilimwona uso unavyobadilika kabla sijaiokota. Na mimi, kama mwanamke yeyote, nikaifungua.

Barua ya uhamisho. Dodoma. Ilikuwa na wiki tatu.

Faini ilikuwa elfu thelathini. Naikumbuka kwa sababu ndicho kitu pekee tulichozungumza kwa kilomita zote zilizobaki: "Umepata namba ya malipo?" "Nimepata." Basi.

Kaole, chini ya mbuyu

Kabla ya kuingia mjini Bagamoyo kuna njia ya kwenda Kaole. Tulikuwa tumepanga kupita, na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kupangua. Kaole ni magofu ya mji wa Waswahili wa kale. Kuna mabaki ya msikiti unaohesabiwa kuwa wa karne ya 13, na makaburi ya matumbawe, mengine yenye minara. Kuna mbuyu mkubwa ambao wageni huzungushwa wakiambiwa utawaongezea umri.

Mwongozaji wetu, mzee mmoja mwenye kofia, alitusalimia, tukamwamkia, akaanza kutueleza. Nadhani alituona. Maana tulipofika kwenye mbuyu akasema, "Zungukeni, wanangu, mimi nawasubiri kivulini." Akatuacha.

Nikamuuliza swali moja tu: "Ulikuwa unangoja nini?"

Akasema alikuwa anangoja siku nzuri. Kila jioni akirudi ananikuta nimechoka na foleni, mtoto analia, umeme umekatika, na barua inabaki kwenye droo. Akasema alidhani nitamwambia achague.

Kwa taarifa yako, msomaji, hatuko peke yetu. Tangu mwaka 2016 serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa nguvu, ni nyumba ngapi Dar zimekaa mezani na barua kama hiyo? Baba kule, mama huku, mtoto katikati, na hela ya nauli kila mwezi. Kilichoniuma si Dodoma. Kilichoniuma ni zile wiki tatu. Nilimwambia hivyohivyo. Hakujitetea. Tukazunguka mbuyu mara moja, kimya, lakini kimya cha aina nyingine.

Mji wa kubwaga

Bagamoyo penyewe usipakimbie. Egesha gari, tembea. Mji Mkongwe una milango ya kuchonga na nyumba nyingine zinazosubiri kufanyiwa ukarabati. Boma la Wajerumani lipo, maana Bagamoyo ilikuwa makao makuu yao kabla hawajahamia Dar es Salaam mwaka 1891. Misheni ya Wakatoliki, iliyoanza mwaka 1868, ina njia ya miembe na makumbusho. Hapo ndipo mwili wa David Livingstone ulipofikishwa Februari 1874, baada ya kubebwa kwa miguu na kina Chuma na Susi kutoka ndani kabisa ya Afrika, kabla ya kuvushwa kwenda Zanzibar na Uingereza. Kama unapenda ngoma na maigizo, ulizia ratiba ya TaSUBa, chuo cha sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981.

Jina la mji lina maelezo mawili. Wapo wanaosema ni la wapagazi waliofika pwani na meno ya tembo, wakabwaga mizigo na mioyo ikatulia. Wapo wanaosema ni la watumwa waliokata tamaa, wakaiacha mioyo yao hapa kabla ya kupakiwa majahazini. Tulikula samaki wa kukaanga karibu na mnada, majahazi yakiwa yamelala upande kwa sababu maji yamekupwa, na mume wangu akasema, "Mimi mzigo nimeubwaga. Sasa tuubebe vipi?"

Hapo ndipo tulipoanza kupanga. Treni ya umeme inafika Dodoma tangu mwaka 2024, kwa hiyo Ijumaa jioni anaweza kurudi bila kulala njiani. Yeye atatangulia, miezi sita. Mimi nitauliza kazini kwangu kama kuna nafasi kule. Mtoto amalize mwaka wa shule alipo. Halijaisha, lakini limeanza.

Funguo

Mchana tukaamua tusirudi moja kwa moja. Kutoka Bagamoyo kuna barabara ya lami ya kwenda Msata, kilomita 64, inayopitia Makofia, inavuka bonde la mto Ruvu, halafu Fukayosi na Kiwangwa. Wengi waendao Tanga, Moshi na Arusha huitumia kuikwepa Chalinze. Kwa matembezi ni nzuri: bonde limefunguka kushoto na kulia, kisha vilima vidogovidogo, na Kiwangwa mananasi yamepangwa barabarani mpaka gari zima linanukia.

Pale Makofia mume wangu akasimamisha gari, akashuka, akanipa funguo. "Endesha wewe."

Leseni ninayo miaka sita, lakini tukiwa wawili dereva ni yeye. Ndivyo ilivyozoeleka. "Gari litabaki na wewe," akasema. "Nataka nikuone."

Nikaendesha. Mwanzo akawa anakanyaga breki hewani upande wake. Baada ya Fukayosi akaacha. Tulipofika kwenye mananasi alikuwa anasimulia utoto wake, mambo ambayo miaka mitano ya ndoa sijawahi kuyasikia. Na hapo nikaelewa uzuri wa safari ya gari kwa watu wawili: hamtazamani usoni, mnatazama mbele. Kuna maneno ambayo mezani hayatoki, lakini barabarani yanatoka yenyewe. Tukageuzia Msata, tukaingia Tegeta kabla ya giza.

Na kona je? Ahadi ni ahadi. Likizo ya Desemba tunakwenda Lushoto. Msata, Segera, Mombo, halafu zile kilomita thelathini na kitu za kupanda Usambara, ukuta wa mlima upande mmoja na bonde upande mwingine, maporomoko ya Soni yakiwa njiani. Hiyo si ya siku moja. Tenga angalau usiku mbili. Kamwambia mama yake kwamba dereva ni mimi. Mama mkwe ameuliza mara mbili kama amesikia vizuri.

Kabla hujawasha gari

• Toka Dar kabla ya saa moja asubuhi, rudi kabla ya giza. Usiku kuna baiskeli na bodaboda zisizo na taa.

• Kwenye makazi ni 50 kwa saa. Si kwa ajili ya trafiki, ni kwa ajili ya watoto wanaovuka.

• Kagua tairi, pamoja na la akiba, maji na breki. Kwa Lushoto, shuka kwa gia ndogo. Usikalie breki mpaka zinukie.

• Ukikutana na lori kwenye kona nyembamba ya mlimani, piga honi, punguza, mpe njia anayepanda.

• Masika ulizia kwanza hali ya barabara. Usambara udongo huporomoka, na bonde la Ruvu hujaa maji.

• Kaole na makumbusho ya Misheni wana viingilio. Beba fedha taslimu, ndogondogo.

• Simu ya dereva iwe mbali na mkono wake. Ya abiria nayo, kama kweli mmekuja kuzungumza.

• Na la mwisho: kabla hamjatoka, fungueni droo pamoja.

Wikiendi njema!