Niliposhuhudia Mabinti Wakiingia Utawani Thika

Kwetu Mvita, ndugu msomaji, neno utawa si geni. Bibi zetu walitawa. Mwanamke wa nyumba yenye jina, akishabaleghe, hakuonekana njiani mchana, na alipokuwa na haja ya kwenda kwa jamaa zake alingoja kiza kiingie. Kule Lamu wake wa waungwana walipitishwa mitaani ndani ya shiraa, hema la nguo lililoshikwa na vijakazi, na nyumba mbili za jamaa zilizotazamana zilijengewa wikio juu ya njia ili mwana na shangazi wapate kutembeleana bila ya kukanyaga chini. Ndiyo maana nilipokuwa mtoto, siku ya kwanza nilipowasikia watu wakisema kwamba Wakatoliki nao wana watawa, nilidhani ni wanawake wa Kibokoni waliobatizwa.

Baadaye nikaja kujua kwamba watu wa misheni walilichukua neno letu pamoja na mengine mengi, likiwamo neno nadhiri. Si ajabu, kwani walianzia kwetu. Mapadri wa kwanza na masista wa Mabinti wa Maria walitoka kisiwa cha Réunion wakashuka Unguja mwaka 1860, na mwaka 1868 misheni ikavuka bahari ikajengwa Bagamoyo. Kiswahili walichofundishia kilikuwa Kiswahili cha watu wa pwani.

Lakini sista tunayemzoea mjini, yule wa hospitali na wa shule, si mtawa kwa maana ya bibi zetu. Yeye hutembea, hupanda matatu, huuza na kununua. Watawa wa ndani ni wengine. Hao huingia katika ugo wao, wakaishi humo, wakafanya kazi humo, na wakifa mara nyingi huzikwa humo humo. Kazi yao ni kuomba. Karen, Nairobi, wako Wadominika wa namna hiyo. Nami mwaka huu nilialikwa Thika kuwatazama mabinti wawili wakiweka nadhiri kwa watawa wa ndani wenye kanzu nyekundu.

Aliyenialika ni shoga yangu wa Ruiru. Tulisoma ualimu pamoja zaidi ya miaka thelathini iliyopita, tukalala chumba kimoja, yeye na rozari yake na mimi na msala wangu, na wala hatukupata kugombana kwa dini. Tuligombana kwa sababu ya sufuria tu. Alinipigia simu usiku. "Dada, binti yangu anaweka nadhiri. Njoo ukae karibu nami, nisije nikaanguka mbele za watu."

Basi nikapanda treni ya asubuhi kutoka Mombasa, na jioni nikawa Ruiru. Aliyeijua Ruiru ya zamani leo hatautambua mji huo. Ilikuwa nchi ya kahawa. Ndiko kilikokuwa kituo cha utafiti wa kahawa, na ule mbuni mashuhuri uliotolewa mwaka 1985, unaostahimili maradhi ya chule buni na kutu ya majani, ukaitwa Ruiru 11 kwa jina la mji huo. Sasa mahali pengi palipokuwa na mibuni pana majumba ya ghorofa tano na sita, nguo zimeanikwa kila roshani, na tangu barabara ya Thika ilipopanuliwa na kukamilika mwaka 2012 watu hulala Ruiru wakafanya kazi Nairobi.

Usiku ule, baada ya kula, shoga yangu alifunga mlango wa jikoni akaniambia jambo ambalo hakulisema kwenye simu. "Wewe ni Muislamu," alisema. "Dini yenu haina mambo haya. Zungumza naye wewe. Mimi nikisema nitaonekana sina imani, na padri atanishangaa. Watatupa nafasi kidogo ya kuonana naye kabla ya misa. Mwambie arudi nyumbani."

Sikulala vizuri.

Ni kweli kwamba dini yetu haina utawa wa namna hiyo. Surat al-Hadid inautaja kuwa ni jambo walilolizua wenyewe hali hawakuandikiwa, na tunajua habari ya wale maswahaba watatu, mmoja akitaka kufunga kila siku, mmoja kusali usiku kucha, na mmoja asioe maisha, na jinsi Mtume, rehema na amani zimshukie, alivyowakataza. Lakini Surat al-Maida nayo inawataja mapadri na watawa kwa wema, kwamba hawatakabari. Na Rabia wa Basra, aliyefariki mwaka 801, hakuolewa, na hakuna mwanachuoni aliyemtoa katika watu wema. Tena yuko Bibi Maryamu katika mihrabu yake, chini ya ulezi wa Nabii Zakaria. Nililala nikiwaza kwamba katika kisa kile aliyeweka nadhiri ni mama, aliyemtoa kwa Mola wake mtoto aliyekuwa bado tumboni. Hapa nadhiri ni ya mtoto, na mama yuko jikoni anafuta machozi kwa leso ya kushikia sufuria.

Asubuhi tulipanda matatu kwenda Thika. Kutoka Ruiru si mbali, nusu saa ikiwa njia haikufungana. Thika ni mji wa viwanda, wa mananasi na wa maporomoko ya mto Chania, na una Waislamu wake pia, misikiti yake na mtaa wake wa Majengo, kama ilivyo miji mingi ya bara ambako watu wetu walitangulia na biashara. Hayo nayapita, kwani siku ile sikuyatazama.

Tulipokewa na mtawa mzee, akatutia katika chumba cha wageni chenye viti vya mbao na meza ndefu katikati. Upande mmoja wa meza wageni, upande wa pili watawa. Binti akaingia. Ana miaka ishirini na minne. Mara ya mwisho nilimwona akiwa na sare ya shule, akila mahamri niliyompelekea. Alikuwa na shungi jeupe la novisi, na kanzu nyekundu iliyoiva kama kitambaa cha bahasha ya zamani, na juu yake kipande cha buluu.

Mama yake alisingizia kwamba anataka maji, akatoka. Binti akacheka. "Mama amekutuma, sivyo?"

Sikuweza kusema uongo mahali pale. Nikamwambia, naam, amenituma, na mimi mwenyewe nina yangu ya kuuliza. Je, umelazimishwa? Je, kuna mtu amekuvunja moyo ukakimbilia huku? Alisikiliza mpaka mwisho, bila kunikatiza, jambo ambalo watoto wa siku hizi hawaliwezi.

"Mama," alinijibu, "ningeolewa na mtu wa Canada, mama yangu angepiga vigelegele, na angeniona mara moja kwa miaka mitano. Hapa ni nusu saa kwa matatu. Kwenu Mombasa, wasichana wangapi wameolewa Muscat na Dubai? Mama zao wanalia?"

Wanalia, mwanangu, nilimwambia. Ila hulia baada ya harusi kwisha.

Akanieleza hatua zao kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni. Sheria ya Kanisa haimruhusu mtu kuingia unovisi kabla ya kutimia miaka 17, wala kuweka nadhiri za kwanza kabla ya 18, wala nadhiri za daima kabla ya 21. Kwa watawa wa ndani, maagizo yaliyotolewa Roma mwaka 2018 yamekaza zaidi. Mwaka mmoja wa kujaribiwa, mwaka mwingine wa kujiandaa, miwili ya unovisi, kisha mitano ya nadhiri za muda. Ni miaka tisa kabla ya neno la mwisho. Nadhiri zenyewe ni tatu, useja, ufukara na utii, na zikitolewa kwa nguvu, kwa hofu au kwa hila, hazisihi. Nadhiri za muda zikimalizika, yuko huru kutoka akaenda zake, na hakuna wa kumshika kanzu.

Nilitia hesabu kichwani. Sisi huuliza bikira mara moja, akinyamaza tukasema amekubali. Nasema hili nikijua kwamba baadhi ya wasomaji watanikunjia uso.

Shirika lake lilianzia Scala, huko Italia, mwaka 1731, kwa mwanamke aitwaye Maria Celeste Crostarosa, mzaliwa wa Napoli mwaka 1696. Rafiki yake, padri Alfonso wa Liguori, akaanzisha shirika la wanaume mwaka uliofuata. Yeye Crostarosa alifariki Foggia mwaka 1755, na Kanisa likamtangaza mwenyeheri mwaka 2016. Kanzu nyekundu ni yake. Ni rangi ya mapenzi ya Mkombozi, kama wanavyosema wao. Nilimuuliza binti kama haoni joto. Akasema anaona.

Neno moja nilitaka kulijua, kwa kuwa nimelisikia likisemwa kwa siri. Nyumba nyingi za watawa huko Ulaya na Marekani zimebaki na vikongwe, na mabinti wa Afrika huchukuliwa kwenda kuzijaza. Binti hakulikwepa. Alisema Papa Fransisko, aliyefariki Aprili 2025, alilikataza jambo hilo kwa maandishi mwaka 2016, kwamba wasitafutwe wasichana wa nchi nyingine kwa ajili tu ya kuiokoa monasteri isife. Hata hivyo, kukataza ni kitu kimoja, na kukatazika ni kingine. Nadhani huko Roma nao wanalijua hilo. Yeye anataka kubaki Thika. "Lakini nimeweka nadhiri ya utii," akasema, kisha akajirekebisha, "nitaiweka saa nne."

Mama yake akarudi na maji ambayo hakuyanywa.

Misa ilikuwa ndefu. Kikwao hawakosi kuimba, na akina mama wa Ruiru na Thika walikuja na vilemba vya rangi na vigelegele kama vyetu. Wale mabinti wakaitwa kwa majina, kila mmoja akaitika kwamba yupo. Wakaulizwa wanataka nini. Wakasoma nadhiri zao kwa sauti mbele ya mkuu wao, mikono yao ndani ya mikono yake, kisha wakatia sahihi katika karatasi juu ya altare. Sahihi ndiyo iliyomshinda shoga yangu. Kalamu ilipogusa karatasi alinishika mkono, na bangili yangu ikaniacha alama mpaka jioni.

Saa ya adhuhuri ilipoingia nikamwambia yule mtawa mzee kwamba nahitaji mahali pa kusali. Hakushangaa. Akanipa chumba kidogo kitupu, akaniletea maji na shuka safi, akaniuliza mnaelekea wapi. Nikamwambia kaskazini, na mashariki kidogo. Alitazama jua, akanionyesha ukuta, na alikuwa sawa. Yeye husali mara saba kwa siku, aliniambia, akafunga mlango pole pole.

Palikuwa na wali, kuku na mukimo. Shoga yangu hakula. Hapo ndipo aliponiambia kiini cha uchungu wake, nami nikaona jinsi nilivyokuwa sijui kitu. Si kwamba hatamwona mtoto. Siku za kuonana zipo, amezipanga. Wala si mahari, ingawa watu wa upande wa baba wanayanung'unikia. Ni jina. Kwa Wagikuyu binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake, na wa pili jina la mama wa mama yake. Binti huyu ndiye aliyekuwa azae mtoto atakayeitwa kama yeye, shoga yangu. Wengine wake ni wana wa kiume, nao binti zao wa kwanza wataitwa yeye, nikamkumbusha.

"Wako wawili," akasema. "Mmoja hataki kuoa. Mwingine amezaa wavulana watatu."

Sikuwa na jibu. Kwetu jina hupewa mtoto yeyote, hata wa jirani, na mzee akifa hatukosi wa kumwita. Nilitaka kumwambia hivyo nikaona si mahali pake.

Tulipoagana, binti alikuja mpaka kwenye meza ile ndefu. Mama yake alimpa mfuko aliokuja nao tangu Ruiru: sabuni, sweta, na mtandio mzuri wa hariri niliouleta mimi kutoka Mombasa, nisijue kama ataruhusiwa kuuvaa. Binti aliuangalia ule mtandio, akaukunja vizuri, akamrudishia mama yake. Vitu vingine akavipokea.

Katika matatu ya kurudi shoga yangu alikaa dirishani. Tulipoupita mji na kuingia barabara kuu akaniuliza, "Ile eda yenu ya mjane, mnayokaa ndani, ni siku ngapi?"

"Miezi minne na siku kumi."

Akatikisa kichwa. Utingo alipofika akalipa nauli ya wawili, kisha akautoa mtandio mfukoni, akajitanda nao kichwani, kwa kuwa upepo wa dirishani ulikuwa mkali.