Nilimaliza kuuza kuni zote, hela sikuiona

Mimi ni kijana wa hapa Singida mjini, nimeishia kidato cha nne, biashara nimejifunzia humohumo. Nina duka dogo na pembeni nauza kuni. Oda nyingi zinakuja WhatsApp: naweka picha kwenye status, mteja anaagiza. Hata kama wewe unauza viatu au mafuta ya alizeti, kosa langu linakuhusu.

Mzigo wa kwanza hesabu ilikuwa hivi:

Kununua kuni: 120,000
Usafiri: 70,000
Kupasua: 20,000
Kupakia na kushusha: 15,000
Vibali na ushuru: 15,000
Jumla: 240,000

Nikapata mafungu 120. Kwa hiyo kila fungu limenigharimu 2,000. Nikauza 2,500 nikijua nitabaki na 60,000. Ila ili nipate wateja haraka nikaandika "tunakuletea bure". Bodaboda alikuwa anachukua 1,000 kila safari, na wengi waliagiza fungu mojamoja. Faida 500, usafiri 1,000. Yaani kila nilipopeleka fungu moja nilikuwa namlipa mteja 500 anunue kwangu! Kuni zikaisha, pongezi nyingi, mtaji ukakata.

Sasa hivi nafanya hivi:

1. Usafiri una bei yake. Anayechukua fungu moja analipia boda mwenyewe. Kuanzia mafungu 10 nakusanya oda za mtaa mmoja, napeleka kwa guta safari moja. Neno "bure" usiliandike kabla hujapiga hesabu.

2. Kipimo kiwe kimoja. Nimekata kamba ya urefu mmoja, kila fungu linafungwa kwa kamba hiyo. Kwenye picha naweka fungu karibu na ndoo ya lita 20 ili mteja aone ukubwa. Ugomvi wa "mbona kwenye picha lilikuwa kubwa" umeisha.

3. Uza kavu. Mti uliokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake unaweza kuwa maji. Moto unatumika kwanza kukausha maji, ndiyo maana unatoa moshi tu. Mama lishe mmoja aliniambia, "Mwanangu, umeniuzia moshi." Nilimrudishia hela yake, na mpaka leo ananunua kwangu. Pasua kuni, zipange juu ya mawe au magogo zisiguse chini, upepo upite katikati, funika juu tu. Huku kwetu mvua ni msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili. Mimi nanunua na kukausha kiangazi, nauza wakati wa mvua ambapo kuni kavu ni shida.

4. Makaratasi kwanza. Kuni ni mazao ya misitu. Kuna kibali cha kuvuna, na kuna hati ya kusafirishia ya TFS, ile tunayoiita TP. Mzigo wangu wa pili nilimwamini muuzaji aliyesema "karatasi zipo". Hazikuwepo. Mzigo ulizuiliwa njiani, nikapoteza wote. Hata kama miti ni ya shambani kwa mtu, pita ofisi ya kijiji na ya misitu wilayani uulize kabla hujatoa hela.

5. Usitegemee mteja mmoja. Nilikuwa napeleka kuni shule moja, nikajiona nimefika. Serikali ikaagiza taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku ziachane na kuni na mkaa. Oda ikakata. Na haitaishia hapo: mkakati wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa Mei 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034.

Ndiyo maana kila mzigo ukiisha natenga sehemu ya faida kwa ajili ya mitungi ya gesi. Wateja ni walewale, namba zao ninazo, wataendelea kupika. Nikichelewa, mwingine atawauzia.

Leo usiku chukua daftari, andika bidhaa yako moja na kila shilingi inayotoka mpaka imfikie mteja. Ukikuta unamlipa mteja anunue, pandisha bei au badili usafiri kesho asubuhi.