Nani, Nini, Lini, Wapi: Lugha ya Ulizo katika Ripoti za Kumbukumbu za Wagonjwa, kwa Mifano ya Songea

1.0 Utangulizi

Swali "Mwezi uliopita Songea ilikuwa na wagonjwa wangapi wa malaria?" ni jepesi kwa sikio la msemaji wa Kiswahili. Katika mazungumzo ya kawaida halihitaji ufafanuzi wowote. Hata hivyo, swali hilohilo likipelekwa kwenye kumbukumbu za wagonjwa zilizohifadhiwa katika kompyuta, laweza kupata majibu matatu au manne yanayotofautiana, na kila moja likawa sahihi kihesabu.

Makala haya yanakusudia kueleza chanzo cha hali hiyo. Hoja inayotetewa ni kwamba sehemu kubwa ya tofauti hizo haitokani na mashine, bali hutokana na viulizi vinne ambavyo kila ripoti ya afya huvijibu: nani, nini, lini na wapi. Mazungumzo huviacha vifahamike kwa muktadha, lakini lugha ya kuulizia kumbukumbu haina muktadha isipokuwa ule iliopewa. Kwa sababu hiyo, utayarishaji wa ripoti ni kazi ya kitakwimu na pia ni kazi ya kiisimu. Mifano ya hesabu itakayotolewa ni ya kubuni. Mazingira yake ni ya Songea na Mkoa wa Ruvuma kwa jumla.

2.0 Kutoka Daftari hadi Hifadhidata

Tanzania Bara ilianza kujenga Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, maarufu kama MTUHA, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mfumo huo ulisimama juu ya vitabu vyenye namba: Kitabu cha 5 kwa wagonjwa wa nje, Kitabu cha 6 kwa wajawazito, Kitabu cha 7 kwa watoto, na kuendelea. Mhudumu aliandika mstari mmoja kwa kila aliyefika, na mwisho wa mwezi alijumlisha kwa mkono. Mwaka 2013 mfumo wa kompyuta wa DHIS2 ulikuwa umeenezwa nchi nzima upande wa Bara, na majumlisho hayo yakawa yanaingizwa humo katika ngazi ya halmashauri. Sambamba na hayo, hospitali nyingi zimesimika mifumo inayotunza kumbukumbu za mgonjwa mmoja mmoja, ukiwemo ule wa serikali uitwao GoT-HoMIS.

Aina hizi mbili za mifumo hazina budi kutofautishwa. Taarifa za jumla katika DHIS2 zimejengwa juu ya viulizi vitatu: nini kimehesabiwa, lini, na wapi. Kiulizi "nani" hakimo, kwa kuwa watu wamekwisha kugeuzwa namba kabla taarifa haijaingizwa. Katika kumbukumbu za mgonjwa mmoja mmoja "nani" bado yupo. Tofauti hii ina matokeo makubwa: kosa la kuhesabu likifanyika kabla ya majumlisho kupelekwa, hakuna ulizo lolote la baadaye linaloweza kulisahihisha kutokana na majumlisho hayo peke yake. Kwa hiyo ulizo lenye maana zaidi ni lile linaloulizwa kituoni, mahali ambapo mgonjwa bado ni mtu.

3.0 Sarufi ya Ulizo

Hifadhidata, ambayo wengine huiita kanzidata, hugawanywa katika majedwali. Kila jedwali lina mistari na safu: mstari ni tukio au kitu kimoja, na safu ni sifa yake, kama vile umri, jinsi au tarehe. Msingi wa mpangilio huu uliwekwa na E. F. Codd katika makala yake ya mwaka 1970, na mwaka 1974 Donald Chamberlin na Raymond Boyce walieleza lugha ya kuulizia majedwali hayo. Lugha hiyo, ambayo leo hujulikana kama SQL, ilikubaliwa na shirika la viwango la Marekani mwaka 1986 na lile la kimataifa mwaka 1987.

Maneno makuu ya SQL yameundwa kwa Kiingereza, lakini muundo wake waweza kuwekwa katika Kiswahili bila taabu:

TEUA rika, HESABU mistari
KUTOKA jedwali la mahudhurio
AMBAPO tarehe imo katika Machi
KWA MAKUNDI YA rika

Mambo mawili yanadhihirika. Kwanza, ulizo ni sentensi ya amri yenye kishazi rejeshi: "ambapo" hufanya kazi ileile ya kuwekea nomino mipaka inayofanywa na virejeshi vya Kiswahili. Pili, ulizo hutaja kinachotakiwa wala halielezi hatua za kukipata. Mashine itatimiza sentensi kama ilivyo. Ikiwa sentensi haisemi alichokusudia muulizaji, jibu litakuja pasipo onyo lolote.

4.0 Nani: Mgonjwa, Hudhurio na Utambuzi

Chukuliwe mfano wa mtoto mmoja wa miaka mitatu aliyeletwa kituoni mara tatu katika mwezi wa Machi. Tarehe 3 aligundulika kuwa na malaria. Tarehe 10 aligundulika kuwa na nimonia pamoja na kuhara. Tarehe 24 aligundulika tena kuwa na malaria. Katika hifadhidata iliyopangwa vizuri, mtoto huyu ana mstari mmoja katika jedwali la wagonjwa, mistari mitatu katika jedwali la mahudhurio, na mistari minne katika jedwali la utambuzi wa maradhi.

Muulizaji akitaka "idadi ya wagonjwa" na kuhesabu mistari baada ya kuunganisha majedwali yote matatu, atapata 4. Hudhurio la tarehe 10 litakuwa limejirudia kwa sababu lina tambuzi mbili. Akihesabu mahudhurio yasiyojirudia atapata 3, na akihesabu namba za wagonjwa zisizojirudia atapata 1. Akiuliza kuhusu malaria pekee, atapata matukio 2 na mtu 1. Hakuna jibu lililo bora kuliko mengine kwa kila shughuli. Anayeagiza dawa ya mseto anahitaji matukio 2, kwa kuwa mtoto alitibiwa mara mbili. Anayepanga kugawa vyandarua anahitaji mtu 1, kwa kuwa mtoto hulala katika kitanda kimoja. Anayepanga idadi ya waganga wa zamu anahitaji mahudhurio 3. Majibu yakibadilishana nafasi, dawa zitapungua mahali pamoja na vyandarua kuzidi mahali pengine.

Kiswahili kina nyenzo za kimofolojia za kutenganisha dhana hizi: mhudhuriaji ni mtu, hudhurio ni tukio, na uhudhuriaji ni hali au kiwango. Tatizo ni kwamba katika matumizi umbo la wingi "mahudhurio" hubeba dhana zote tatu, na neno "wagonjwa" hutumika mahali pa kila moja. Ikumbukwe kwamba wabunifu wa MTUHA walilitambua jambo hili tangu zama za daftari. Fomu ya wagonjwa wa nje hutenga mahudhurio yote, waliohudhuria kwa mara ya kwanza mwaka huu, na mahudhurio ya marudio. Wa mara ya kwanza hutiwa alama ya nyota. Nyota hiyo ndiyo mbinu ya kalamu ya kuhesabu watu badala ya mistari.

Hata hivyo, nyota ina mipaka yake. Mgonjwa aliyepewa nyota katika zahanati ya kijiji, kisha akaenda hospitali ya misheni ya Peramiho au hospitali ya rufaa ya mkoa iliyopo Songea, aweza kupewa nyota nyingine huko, kwa kuwa daftari la kituo kimoja halionekani katika kingine. Jumla ya nyota za mkoa, kwa hiyo, si jumla ya watu wa mkoa.

Kumtambua mtu kwa jina nako kuna ugumu wake. Majina ya ukoo kama Komba, Nyoni na Ngonyani huchukuliwa na watu wengi mno mjini Songea na vitongoji vyake, na majina ya ubatizo huandikwa kwa namna nyingi: Anastasia, Anastazia, Anastazya. Kwa mashine hao ni watu watatu. Kwa karani anayewafahamu ni mtu mmoja. Kinyume chake, watu wawili wenye jina moja waweza kuunganishwa kuwa mmoja, na historia ya matibabu ya huyu ikasomwa kuwa ya yule. Ndiyo sababu ulizo hutakiwa kutegemea namba ya mgonjwa, na jina libaki kuwa uthibitisho tu.

5.0 Nini: "Hana" na "Hajapimwa"

Sarufi ya Kiswahili hutofautisha waziwazi "hana malaria" na "hajapimwa malaria". Kiambishi -ja- hudokeza jambo ambalo bado halijatendeka, na hivyo jibu lake halijulikani. Hifadhidata nayo ina tofauti hiyohiyo: sifuri ni jibu, na nafasi tupu ni ukosefu wa jibu. Lakini fomu nyingi hujazwa kistari, au neno "hakuna", ambalo laweza kumaanisha "hakuna wagonjwa" au "hakuna taarifa".

Chukuliwe kuwa halmashauri ina zahanati 10, na 8 kati yake zimeleta taarifa zenye jumla ya wagonjwa 400 wa kuhara. SQL ikikuta nafasi tupu kwa zahanati mbili zilizobaki, haizihesabu katika wastani, na jibu huwa 50. Nafasi hizo zikijazwa sifuri, jibu huwa 40. Jibu la pili linaonyesha nafuu ambayo haikutokea. Vilevile, ulizo linalotaka wagonjwa "ambao matokeo yao si chanya" huacha nje wale wote ambao safu ya matokeo ni tupu, kwa kuwa kwa SQL kisichojulikana si chanya na wala si kinyume chake. Msomaji wa ripoti asipoambiwa ni vituo vingapi vilileta taarifa, hana njia ya kujua kama kupungua kwa maradhi ni kupungua kwa wagonjwa au ni kupungua kwa fomu.

6.0 Lini na Wapi

Vishazi vya wakati vina mitego yake. "Kati ya tarehe 1 na tarehe 31 Machi" katika SQL hujumuisha ncha zote mbili. Lakini safu ya tarehe ikiwa imebeba na saa, tarehe 31 huchukuliwa kuwa ni mwanzo wa siku hiyo, na karibu wagonjwa wote wa siku ya mwisho hutoweka katika ripoti. Isitoshe, mgonjwa aliyefika saa nane usiku wa kuamkia tarehe 1 Aprili huhesabiwa na wazungumzaji wengi kuwa ni wa "jana usiku", ilhali mashine humwandika Aprili, saa 02:00. Kwa upande wa umri, MTUHA imeepuka utata wa "hadi" kwa kuandika "mwaka 1 hadi umri chini ya miaka 5", ili mtoto aliyetimiza miaka mitano asihesabiwe mara mbili. Huo ni mfano mzuri wa lugha iliyosanifiwa kwa ajili ya hesabu.

Kuhusu mahali, jina Songea limebeba mengi. Ni jina la Songea Mbano, aliyenyongwa mwaka 1906 wakati wa Vita vya Maji Maji. Ni jina la mji na Manispaa. Ni jina la Halmashauri ya Wilaya. Na ni jina la wilaya ya kiutawala iliyo pana kuliko zote hizo. Mipaka nayo hubadilika. Wilaya ya Nyasa ilimegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, na Halmashauri ya Madaba ikamegwa kutoka Halmashauri ya Wilaya ya Songea mwaka 2015. Mtafiti anayelinganisha idadi ya wagonjwa wa Mbinga ya 2011 na ya 2014 pasipo kuzingatia mabadiliko hayo aweza kutangaza kushuka kwa maradhi ambako ni kumegwa kwa ardhi tu.

Mkanganyiko wa namna hiyo huweza kutokea katika kigawanyo. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,376,891 mkoani Ruvuma, na ile ya 2022 ikahesabu 1,848,794, ongezeko la zaidi ya theluthi moja. Wagonjwa 10,000 wakigawanywa kwa idadi ya kwanza ni takriban 7.3 kwa kila watu 1,000. Kwa idadi ya pili ni 5.4. Ripoti isiyotaja sensa iliyotumiwa haijakamilika kuwa sentensi.

Iongezwe kwamba usahihi wa viulizi vyote vinne una hatari yake. Ulizo linalotaja ugonjwa usio wa kawaida, rika, mwezi na kijiji kimoja laweza kurudisha mtu 1, na majirani wakamtambua hata kama jina lake halikutajwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaihusu hali hii moja kwa moja.

7.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba ripoti ya afya ni jibu, na jibu haliwezi kuwa wazi kuliko swali lake. Yatokanayo na hoja hiyo ni mapendekezo matatu. Kwanza, kila ripoti itanguliwe na sentensi kamili ya Kiswahili inayotaja nani anahesabiwa, nini kinahesabiwa, lini na wapi, kabla ulizo halijaandikwa. Pili, istilahi za mhudhuriaji, hudhurio na utambuzi zisanifiwe na kutumiwa kwa uthabiti katika fomu, mafunzo na ripoti. Tatu, tofauti ya "hakuna" na "haijaletwa" ipewe alama mbili zisizofanana.

Kazi hii haiwezi kuachiwa wataalamu wa kompyuta peke yao, kwa kuwa kiini chake ni ngeli za nomino, virejeshi na ukanushi, mambo ambayo idara za Kiswahili huyafundisha kila mwaka. Mtoto wa mfano uliotolewa alikuwa mmoja, alifika mara tatu, akapewa dawa ya malaria mara mbili. Kiswahili kinaweza kuyasema hayo yote bila utata. Linalobaki ni kukitaka kiyaseme.