Sahihi Si Hisani

Katika familia za pwani zenye jamaa Marekani, si ajabu kumkuta mmoja wao akifanya kazi ya usaidizi wa wauguzi katika nyumba za kutunzia wazee: kuwaogesha, kuwalisha, kuwageuza kitandani wasipate vidonda. Ni kazi yenye cheti, na cheti kina muda wake. Muda ukikaribia kwisha, ndipo mwenzake kazini anapoambiwa, "Dadangu, nitilie sahihi hapa, unisitiri."

Ombi hilo laonekana dogo. Ili kulipima, yafaa kujua cheti chenyewe kilitoka wapi. Mwaka 1986 wataalamu walitoa ripoti iliyoonyesha kwamba wakazi wengi wa nyumba za wazee nchini Marekani walikuwa wakitunzwa vibaya. Mwaka uliofuata bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria: kila msaidizi apate mafunzo yasiyopungua saa 75 na afaulu mtihani, na kila jimbo liwe na daftari la majina yao. Humo huandikwa pia aliyethibitika kumtesa mgonjwa, kumtelekeza au kumwibia. Nyumba ya wazee hutakiwa kulitazama daftari hilo kabla ya kumpa msaidizi kazi.

Kanuni hizo zasema pia kwamba aliyekaa miezi 24 mfululizo bila kufanya kazi ya uuguzi kwa ujira hurudia mafunzo au mtihani. Neno zito hapo ni "ujira". Chukua mfano wa binti aliyerejea Mombasa kumuuguza mamake kwa miaka miwili na nusu. Amemwinua, amemlisha, amemsafisha usiku na mchana. Nani atasema hakufanya kazi? Huenda mbele ya Mola wake ndiyo kazi bora aliyopata kuifanya. Lakini hakulipwa, na daftari la jimbo halihesabu miezi hiyo. Akirudi na kumwomba rafiki aandike kwamba walikuwa pamoja zamu, rafiki huyo haulizwi kuhusu wema wa binti. Aulizwa tarehe.

Twafunzwa kuwasitiri wenzetu, na ni mafunzo mema. Ila sitara ni ya aibu isiyomdhuru mwingine, na hapa yuko mtu wa tatu: mzee aliyelala, pengine asiyeweza hata kusema, wala hajui nani kamtilia nani sahihi. Msaidizi aliyesahau namna ya kumfunga mikanda ya mashine ya kumwinulia aweza kumwangusha, na nyonga ikivunjika katika umri huo, wengi hawatembei tena kama zamani.

Taratibu hutofautiana jimbo kwa jimbo, lakini kwa kawaida athibitishaye ni mwajiri, wala si rafiki wa zamu. Kwa hivyo jibu la rafiki ni jepesi: "Dadangu, hili si langu, nenda ofisini." Aliyepewa jukumu la kuthibitisha naye asitegemee kumbukumbu, atazame ratiba za zamu na hati za mishahara, kisha afungue daftari la jimbo kwenye intaneti. Atafute kwa nambari ya cheti, maana majina yetu huwaponyoka makarani: Fatma huandikwa Fatuma, na jina la babu likageuzwa la ukoo. Akikuta cheti kimekwisha, amwambie mwenyewe faraghani, kisha amjulishe msimamizi kabla ya zamu inayofuata. Si habari ya kupelekwa kwenye meza ya chai.

Na yule binti hakufungiwa mlango. Nyumba ya wazee inayopokea malipo ya Medicare au Medicaid, ikishamwajiri au kumwahidi kazi, hairuhusiwi kumtoza ada ya mafunzo wala ya mtihani. Akijilipia mwenyewe, kisha akaajiriwa katika nyumba kama hiyo ndani ya miezi 12, jimbo hutakiwa kuweka utaratibu wa kumrudishia gharama. Atunze risiti zake, na jambo hili aliulize siku ile ile ya mahojiano.