MEZA IMARA NI KINGA YA FUNDI



Safari hii tunazungumzia kitu ambacho wengi hawakihesabu kuwa ni chombo cha kazi, nacho ni meza. Maneno haya yanawahusu hasa ndugu wanaosubu alumini nyumbani kwa kalibu za mchanga, iwe Mbarara mjini au Nakivale, Wilaya ya Isingiro, kwenye makazi ya wakimbizi yaliyofunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Yanawahusu pia wenzetu wa viwandani na wa mashamba ya chai ya Bushenyi wanaotaka kuongeza kipato baada ya saa za kazi.

Kazi hii inajulikana, na mafundi wa Katwe, Kampala, wameifanya miaka mingi. Alumini chakavu huyeyushwa, humiminwa ndani ya kalibu, na ikipoa hutoka sufuria au mwiko. Lakini alumini huyeyuka ikifika nyuzi 660 za Sentigredi, na maji huchemka kwa nyuzi 100 tu. Kwa hiyo tone moja la maji likifunikwa na alumini iliyoyeyuka hugeuka mvuke kwa ghafla, na madini huruka juu kama risasi.

Nani atakulipa?

Mfanyakazi wa kiwandani akiungua mguu, ipo Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000. Ipo pia Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006, inayomtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga bila kumkata mtu mshahara. Chama kinaweza kusimama na kudai. Lakini anayesubu nyuma ya nyumba yake hana mwajiri wa kumdai. Akiungua, hakuna mshahara, hakuna fidia, na watoto wanasubiri unga. Kwa hiyo hapana budi ajiwekee kinga mwenyewe, na kinga hiyo inaanzia kwenye meza.

Wengi hutengeneza kalibu wakiwa wamechuchumaa chini. Mgongo unaumia, mchanga unachanganyika na takataka, na watoto na kuku wanapita katikati ya kazi. Wengine hutumia meza ya kulia chakula. Meza hiyo ikiyumba wakati wa kushindilia, mchanga hupata nyufa na kubomoka. Alumini ikimiminwa huingia palipobomoka, na kazi ya siku nzima inarudi kwenye chuma chakavu.

Uzito wa mchanga

Tupige hesabu. Boksi la kalibu lenye upana wa sentimita 30 kila upande na kina cha sentimita 20 hubeba lita 18. Lita moja ya mchanga ulioshindiliwa ina uzito wa kilo 1.6 hivi. Basi boksi hilo moja ni karibu kilo 29, mbali na uzito wa mbao zake. Ukiweka maboksi mawili, vyombo, na nguvu ya kushindilia, utaona kwamba meza hafifu haiwezi.

Namna ya kuitengeneza

Miguu iwe ya mbao za inchi 4 kwa 4. Mikaratusi ni mingi katika nchi ya Ankole, lakini mbao ziwe zimekauka, maana mbichi hujipinda. Uso wa meza uwe wa mbao za inchi 2, urefu mita 1 na nusu, upana sentimita 75. Ongeza mguu wa tano katikati, chini ya mahali unaposhindilia.

Funga kwa bolti na nati, usitegemee misumari. Kushindilia hulegeza misumari siku hadi siku, lakini nati hukazwa tena. Weka mbao za mshazari nyuma na pande mbili, ndizo zinazozuia kuyumba.

Simama wima, mikono ikining'inia. Uso wa meza ufike kwenye kifundo cha mkono, ambako kwa watu wengi ni sentimita 75 hadi 85. Pande tatu pigilia kingo ndogo ili mchanga usimwagike. Chini weka sanduku la mchanga. Lita 100 zina uzito wa kilo 160 hivi, nazo huikalisha meza isisogee.

Kwenye sakafu ya udongo, kama ilivyo katika nyumba nyingi za Nakivale, weka miguu juu ya mawe bapa. Mchwa na unyevu havitaifikia upesi. Hakikisha kwa pima maji kwamba meza imelala sawa.

Usimimine juu ya meza

Hapa tunasisitiza. Meza ni ya kutengenezea kalibu tu. Madini yakivuja juu ya meza yatakumwagikia mapajani. Kalibu ikiwa tayari, watu wawili waishushe kwenye kitanda cha mchanga mkavu chenye kina cha sentimita 10, kilichoezekwa juu mvua isikifikie. Usimimine juu ya saruji wala udongo mtupu, kwani vyote huficha unyevu, hasa miezi ya masika. Vaa viatu vya ngozi, si kandambili, na suruali ishuke nje ya viatu. Moto ukizuka zima kwa mchanga mkavu, kamwe usitumie maji. Unapochekecha mchanga funika pua na mdomo, maana vumbi lake huharibu mapafu polepole.

Ndugu zetu, mbao na bolti ni gharama. Majirani watatu wanaweza kuchanga, wakajenga meza moja na kupeana zamu. Na ninyi mlio viwandani, itazameni meza mnayofanyia kazi leo. Ikiwa inayumba, msingoje mtu aumie. Mpelekeeni mwakilishi wenu habari, naye aifikishe kwa mwajiri.

Umoja ni nguvu.